Umeongeza mzigo, punda ni yule yule? Kwa nini mshale wako unakwenda kombo

Niambie kama hii imewahi kukupata. Umesimama vizuri, umevuta kamba hadi shavuni, umeachilia bila kutetemeka. Mshale unaenda zake kulia. Unarudia, kulia. Mara ya kumi bado ni kulia, na sasa unalaumu mkono, macho, upepo, hadi yule jirani anayekuchungulia uani.

Mimi nililaumu upinde. Nilikuwa hata nimeanza kutafuta mtu wa kumuuzia. Kumbe nilikuwa nimebadilisha kitu kimoja tu nikakisahau: nilitoa kichwa cha mshale cha greni 125 nikaweka cha greni 200. Niliwaza kama wasee wengi, chuma kizito pigo zito. Uti wa mbao sikuugusa.

Greni ndicho kipimo cha vichwa vya mishale. 125 ni kama gramu 8, na 200 ni kama gramu 13. Tofauti ni gramu 5, yaani kijiko kidogo cha sukari. Unaweza kuapa haina maana. Ina maana, tena kubwa.

Jaribu hivi. Chukua ufito mwembamba, egemeza ncha moja ukutani, kisha sukuma kutoka nyuma. Unapinda katikati, sivyo? Mshale hufanya vivyo hivyo. Ukiachilia kamba, nyuma inasukumwa ghafla huku kichwa cha chuma kikichelewa kuanza safari. Uti ulio katikati unabanwa na kupinda. Ukiongeza uzito wa kichwa, umeongeza ugumu wa ule ukuta, na uti unapinda zaidi.

Kupinda kwenyewe si kosa. Mshale huanza safari ukiwa umeegemea ubavu wa upinde, kwa hivyo ni lazima upinde kidogo ili uuzunguke mpini bila kuugonga, kisha ujinyooshe hewani kama samaki anavyopiga mkia. Shida ni kipimo. Kama unavuta kwa mkono wa kulia, uti laini kupita kiasi huenda kulia, na uti mkakamavu kupita kiasi huenda kushoto. Wa mkono wa kushoto, geuza maneno hayo.

Mzee mmoja kule Ukambani, jirani ya mjomba, alinitazama nikilenga gunia la majani jioni nzima. Alishika mshale wangu, akaupinda taratibu kwa vidole, akapima kichwa kiganjani, akaniuliza, "Kijana wangu, umeongeza mzigo. Punda ni yule yule?"

Nilicheka. Siku mbili baadaye uti mmoja ulipasuka nikiuachilia, na kipande kikapita karibu na kidole gumba cha mkono ulioshika upinde. Hapo kicheko kiliisha. Uti uliolemewa, hasa wenye ufa usiouona, unaweza kuvunjika na kukuingia mkononi. Kwa hivyo kabla ya kila mpigo, upinde kidogo kwa mikono ukisikiliza. Ukisikia mlio wa kupasuka, weka kando, haijalishi ulikugharimu pesa ngapi.

Sasa, utajuaje punda wako ana nguvu kiasi gani? Huhitaji mashine. Pigilia misumari miwili kwenye ubao, iachane sentimita 66, ulaze uti juu yake. Ning'iniza katikati uzito wa gramu 907, ambazo ni pauni 2. Chupa ya maji inatosha, nenda tu duka lenye mizani uipime. Kisha angalia uti umeshuka milimita ngapi. Gawa 660 kwa namba hiyo. Ukishuka milimita 16.5, ukakamavu wake ni pauni 40. Ukishuka milimita 12, ni pauni 55. Maze, fizikia hii ningefunzwa hivi darasani labda ningekaa chuoni.

Upinde wangu huvutwa kwa nguvu ya pauni 40. Kwa makadirio ya mafundi wa mishale ya mbao, mshale wa inchi 28 wenye kichwa cha greni 125 kwenye upinde kama huo hutaka uti wa pauni 40 hadi 45. Kila greni 25 unazoongeza mbele, ongeza pauni 5 za ukakamavu. Kila inchi unayoongeza urefu, pauni 5 nyingine. Mimi niliongeza greni 75. Piga hesabu: nilikuwa naambia uti wa pauni 40 ufanye kazi ya 55.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kurudisha kichwa chepesi. Ni bure, na wengi wetu tunaolenga magunia hatuhitaji zaidi. Kumbuka uwindaji ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977, kwa hivyo ule uzito wote unataka kumuangusha nani?

Ya pili ni kufupisha uti, maana mfupi hupinda kwa shida. Lakini hesabu yangu ingedai nikate inchi 3. Ukivuta inchi 28 na mshale una 25, kichwa kinapita nyuma ya upinde na kinakuelekea mkononi. Hiyo usijaribu.

Ya tatu ni uti mnene zaidi. Uti wa milimita 8.7 dhidi ya ule wa 8, kama mbao ni ya aina moja, ni mkakamavu karibu mara 1.4. Unene kidogo una faida kubwa, na hasara pia. Ukipiga msasa uti wa milimita 8 ukapunguza milimita 0.4 tu, umepoteza karibu moja ya tano ya ukakamavu wake. Na ule mkato wa nyuma unaoshika kamba, ukate ukivuka mistari ya mbao kama msalaba, ili upande mkakamavu ndio ulale ubavuni mwa upinde.

Usidhani haya ni mambo ya wazungu na vitabu vyao. Waata wa nyika ya Tsavo walivuta pinde za zaidi ya pauni 100. Ukiweka uti wangu kwenye upinde kama huo, utabaki na vijiti vya kuwashia jiko. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, hunyoosha nyuti za mishale kwa joto la moto na meno yao. Mtu anayenyoosha uti kwa meno anaujua uti.

Nilitengeneza mishale mitatu ya uti mnene, nikaipima kwa misumari na chupa: pauni 53, 55, 56. Niliweka vile vichwa vya greni 200, nikasimama hatua kumi kutoka gunia. Yote mitatu ilisimama karibu karibu, katikati.

Upinde siuzi tena. Na wewe, kabla hujauza wako, nenda kapime mishale.