Slabu, miganda na ghala: Jinsi kiini cha Linux kilivyojifunza kugawa kumbukumbu

MWANAFUNZI mmoja wa sayansi ya kompyuta aliniandikia majuzi akiniuliza aiteje kwa Kiswahili ile sehemu ya mfumo endeshi ambayo kazi yake ni kugawa kumbukumbu. Alikuwa ameiita “kigawa kumbukumbu” na mwalimu wake akacheka, ati linasikika kama kifaa cha jikoni. Nilimwambia tusikimbilie jina kabla ya kumjua mwenye jina. Jibu langu likawa refu kuliko swali, nikaona nililete hapa.

Hili neno kumbukumbu lenyewe linapotosha kidogo. Ukilisikia unawaza kumbukumbu za mkutano, au ibada ya kumkumbuka marehemu. Ndani ya tarakilishi hakuna anayekumbuka chochote. Kuna nafasi tu: safu ndefu mno ya vijumba vyenye nambari, kila kijumba kikibeba baiti moja. Nafasi hiyo hutakiwa na wengi kwa wakati mmoja, na lazima awepo wa kuamua nani apewe wapi, na wa kuhakikisha kuwa kilichorudishwa kinapewa mwingine. Katika kiini cha mfumo endeshi, yaani ile programu ya ndani kabisa inayosimamia nyingine zote, huyo ndiye mgawaji ninayemzungumzia. Nitasimulia habari za mgawaji wa Linux, kiini ambacho kimo ndani ya kila simu ya Android.

Hebu tuanzie dukani. Mwenye duka la jumla hakuuzii kijiko cha mafuta ya kupikia. Anakuuzia mtungi mzima. Kiini nacho kina muuzaji wake wa jumla, na kipimo chake cha chini kabisa ni ukurasa, ambao kwenye mashine nyingi ni baiti 4,096. Anayetaka zaidi hupewa kurasa mbili, nne, nane, kumi na sita, kila hatua ikiwa maradufu ya iliyotangulia. Kipande cha ukubwa unaotakiwa kikikosekana, kikubwa zaidi hukatwa katikati na nusu hizo mbili huwa pacha. Zote mbili zikirudi bila mtu, huunganishwa tena. Mbinu hii ilielezwa na Kenneth Knowlton mwaka 1965, na hadi leo Linux huitumia kugawa kurasa nzima.

Lakini mahitaji ya kiini chenyewe ni ya rejareja. Ukifungua faili, kiini huandika rekodi ndogo ya faili hiyo. Ukianzisha programu, rekodi nyingine. Kila furushi la data linaloingia kutoka mtandaoni lina rekodi yake. Nyingi ya rekodi hizi ni za baiti mia moja, mia mbili hivi, na kwenye mashine yenye kazi nyingi huzaliwa na kufa maelfu kwa maelfu kila sekunde. Kumpa ukurasa mzima anayetaka baiti 200 ni kumuuzia mtungi mtu aliyekuja na kikombe. Na hasara yenyewe haina pa kufichwa: kumbukumbu ya programu za kawaida yaweza kuhamishiwa kwenye diski nafasi ikibana, ila ile ambayo kiini cha Linux kimejitengea haihamishwi.

Kwa hivyo lazima awepo mama wa kibanda, yule anayenunua mtungi kwa jumla kisha anakupimia mafuta ya shilingi kumi. Uchumi wa kadogo, kama tunavyouita. Swali ambalo limewasumbua wahandisi kwa miongo mitatu ni jinsi ya kuendesha kibanda hicho.

Mwaka 1994, Jeff Bonwick wa kampuni ya Sun Microsystems, iliyounda mfumo endeshi wa Solaris, alichapisha makala yenye wazo moja zito. Aliona kwamba mara nyingi gharama kubwa haiko katika kutafuta nafasi bali katika kuitayarisha. Rekodi mpya ina kufuli za kuwekwa, orodha za kuanzishwa, hesabu za kurudishwa sufuri. Ikimaliza kazi, yote hayo yanabomolewa, na papo hapo anatokea mwingine anayetaka rekodi ya aina ileile. Ni kama mwenye kukodisha viti vya harusi afungue skrubu za kila kiti kinaporudi Jumapili, halafu Jumamosi inayofuata aanze kuvifunga upya.

Dawa ya Bonwick ilikuwa kuipa kila aina ya rekodi akiba yake. Ukurasa, au kurasa kadhaa zilizofuatana, hukatwa vipande vilivyo sawa, vyote vya aina moja, na kurasa hizo ndizo slabu. Rekodi ikirudishwa huachwa ilivyo, tayari kwa mteja anayefuata. Slabu isipokuwa na mteja hata mmoja, yote hurudi kwa muuzaji wa jumla. Na kwa kuwa vipande ni vya kipimo kimoja, hujipanga bila kuacha mianya mingi katikati.

Neno slabu sioni haja ya kulitafutia mbadala. Aliyewahi kufanya kazi ya mjengo anajua siku ya kumwaga slabu ni siku gani.

Mark Hemment aliiandikia Linux mgawaji wa namna hiyo kati ya 1996 na 1997, na toleo la 2.2 lilipotoka Januari 1999 alikuwa kazini. Akaitwa SLAB. Mambo yangeishia hapo kama mashine zingebaki na prosesa mojamoja. Prosesa zilipoongezeka, zote zikawa zinagombea dirisha moja la kibanda, na penye dirisha moja pana foleni. Mwaka 2001 Bonwick na mwenzake Jonathan Adams walieleza tiba: kila prosesa iwe na kasha lake dogo lenye vipande vilivyo tayari, ichukue na kurudisha humo bila kumsubiri yeyote. Kasha hilo waliliita kwa Kiingereza magazine, wakilifananisha na lile la risasi linalochomekwa kwenye bunduki. Kwa sisi wa lugha hapa pana utamu. Neno hilo Kiingereza kililipata kupitia lugha nyingine za Ulaya, lakini asili yake ni makhazin ya Kiarabu, yaani maghala, na mzizi wake ndio uliotupa sisi hazina. Wahandisi wale walikuwa wakitaja hazina, pengine bila kujua.

SLAB wa Linux naye alikuwa na makasha ya aina hiyo, na yakazaana. Katika mashine kubwa sana kumbukumbu hugawanywa kwa maeneo, kila prosesa ikiwa na eneo lililo karibu nayo. SLAB akaweka foleni kwa kila prosesa, foleni kwa kila eneo, na nyingine za vipande vya ugenini vinavyosubiri kurudishwa makwao. Christoph Lameter, aliyekuwa akifanya kazi na mashine za namna hiyo katika kampuni ya SGI, alieleza mwaka 2007 kwamba kwenye zile zenye prosesa kama elfu moja, gigabaiti kadhaa zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya kutunza foleni tu, bila kuhesabu vipande vilivyokuwa ndani ya foleni hizo. Alihofu kwamba siku moja foleni zingemeza kumbukumbu yote. Mwenye kibanda amejaza madaftari hadi hapana pa kuweka mafuta.

Lameter akaandika mgawaji mpya, SLUB, ambaye herufi yake U inasimamia kutokuwa na foleni. Kila prosesa hukabidhiwa slabu ya kukatia. Na daftari? Hakuna daftari la kando. Kila kipande kitupu hubeba ndani yake anwani ya kipande kitupu kinachofuata, hivyo nafasi isiyotumika ndiyo inayojitunzia hesabu. Ujanja huu unanifurahisha kila ninapoufikiria, ingawa una hatari yake. Mdukuzi akipata mwanya wa kuandika ndani ya kipande kilichokwisha kurudishwa, anaweza kuibadilisha ile anwani na kukifanya kiini kimkabidhi nafasi asiyostahili. Ndiyo maana toleo la 4.14 la mwaka 2017 lilileta kinga, kazi ya Kees Cook, ya kuichanganya anwani na nambari ya siri.

SLUB alichukua usukani upesi: aliingia mwaka 2007, na kabla ya mwaka kwisha akawa ndiye chaguo la kawaida. Lakini SLAB hakuondoka. Zilikuwepo kazi, hasa za mtandao, ambazo aliendelea kuzifanya kwa kasi zaidi, na wenye kazi hizo hawakutaka kusikia habari za kuachana naye. Alikuwepo pia wa tatu, SLOB, aliyeletwa na Matt Mackall mwaka 2006 kwa ajili ya vifaa vidogo vyenye kumbukumbu ya megabaiti chache. Kwa Kiingereza jina hilo humaanisha mtu mchafu mzembe. Wenyewe hawaogopi utani.

Wagawaji watatu, kiini kimoja. Ukiniuliza, hapa ndipo pazito zaidi katika hadithi hii yote, maana swali lilikoma kuwa nani mwenye kasi. Likawa: ni nani atakayewatunza? Kila kipengele kipya kilipaswa kuandikwa mara mbili au tatu, na kila kosa kutafutwa kwa wote. Tena sheria za nyumba zilifuata uwezo wa aliye dhaifu. Mfano mmoja: SLOB aliandika ukubwa wa baadhi ya vipande mwanzoni mwa kipande na mwingine hakuandika, kwa hivyo mtumiaji alilazimika kukumbuka alichukua kwa njia gani ili arudishe kwa njia hiyohiyo. Watengenezaji wote wa Linux walibeba sharti hilo, hata ambao hawakuwahi kumtumia SLOB.

Vlastimil Babka, ambaye ni mmoja wa wasimamizi wa sehemu hii ya kiini, ndiye aliyesukuma usafi. SLOB aliondolewa katika toleo la 6.4 mwaka 2023, na njia moja ya kurudisha ikatosha kwa vipande vyote. SLAB akafuata katika toleo la 6.8, Machi 2024, miaka 25 baada ya lile toleo la 2.2. Waliokuwa wakimtetea hawakuwa wajinga. Kasi waliyoitetea ilikuwa ya kweli, na ilitoka kwenye yale makasha.

Nayo makasha yakarudi! Katika toleo la 6.18, mwishoni mwa 2025, SLUB, ambaye jina lake lilijivunia kutokuwa na foleni, alipewa hifadhi ya vipande vilivyo tayari kwa kila prosesa, kazi ya Babka huyohuyo. Hazikurudi zote: zile foleni za vipande vya ugenini zilizomtisha Lameter ziliachwa kaburini, na katika toleo hilo hifadhi hii ilitolewa kwa akiba zilizoiomba tu. Jina la bunduki halikutumiwa tena. Mhandisi Matthew Wilcox alipendekeza neno la shambani ambalo Kiswahili kinalo tangu zamani: mganda, kama mganda wa mpunga. Na pale miganda inapowekwa ikisubiri prosesa za eneo moja, wakapaita ghala.

Basi mwanafunzi wangu nilimwandikia hivi. Slabu aiache slabu. Mganda na ghala aviandike bila woga. Kuhusu mwenye kugawa, ki- ingefaa kama angekuwa chombo cha kupimia tu, lakini huyu huamua nani apewe, wapi, na lini, nami ningemweka katika ngeli ya A-WA: mgawaji kumbukumbu. Akanijibu kwamba mwalimu wake bado anataka “kigawi”.