Nyaya za Nyumba Kongwe Ni Dhamana ya Nani?

Familia inapokwenda kutazama nyumba ya kupanga Kibokoni, Kuze au Majengo, huuliza mambo yaleyale: kodi ni kiasi gani, maji hutoka siku zipi, msikiti na madrasa viko umbali gani, majirani ni watu wa namna gani. Ni nadra mtu kuomba afunguliwe kisanduku cha fyuzi, ilhali hicho ndicho kitakacholala na watoto wake kila usiku.

Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na nyingi zilisimama kabla umeme haujafika mtaani. Nyaya ziliingizwa baadaye kwa ajili ya taa mbili tatu na redio moja. Leo tunazibebesha friji, pasi, feni kila chumba, birika, na bafuni shawa ya umeme. Hesabu yake si ngumu. Umeme wetu ni wa volti 240. Birika la wati 2,000 huvuta zaidi ya ampea 8, na shawa ya wati 5,000 huvuta karibu ampea 21. Soketi ya pini tatu tunayoijua sote haikukusudiwa kupita ampea 13. Fikirieni basi jioni ya Ramadhani, jiko la umeme liko juu ya ekstensheni, pasi inanyoosha kanzu za tarawehe, na vyote hivyo vimechomekwa katika tundu moja la ukutani.

Nyaya za zamani zilivishwa mpira, nao mpira ukikaa miaka mingi hukauka, ukapasuka, ukapukutika. Pwani tuna mawili ya ziada: hewa ya chumvi inayokula viungo vya shaba, na kuta za matumbawe zinazonyonya unyevu wakati wa masika. Umeme ukivuja katika ukuta wa namna hiyo, mtu huhisi vidole vikimwasha auguspo ukuta, bomba au mlango wa friji. Wengi wetu tumeuzoea mwasho huo na kuuita shoti ndogo. Hakuna shoti ndogo kwa aliyesimama peku juu ya sakafu iliyolowa. Dalili nyingine ni swichi yenye joto, soketi iliyopiga weusi, harufu ya plastiki isiyojulikana itokako, na taa kufifia kila pasi iwashwapo. Mama wa nyumba ndiye huziona kwanza, na mara nyingi huambiwa kwamba ana wasiwasi.

Kisha kuna suala la fyuzi. Ikikatika mara mbili tatu, huitwa kijana wa mtaani akaifunga kwa waya mnene ili isisumbue tena. Fyuzi imewekwa makusudi ikatike. Ikizuiwa, kitakachoyeyuka ni waya uliopita juu ya dari, kando ya boriti zilizokauka miaka mingi. Vifaa viwili vingepunguza sehemu kubwa ya hatari: ufito wa shaba uliopigwa ardhini na kuunganishwa na nyaya za nyumba, na swichi ya kinga inayokata umeme mara moja mvujo unapofikia miliampea 30. Havihitaji kubomoa ukuta wa urithi. Swichi hiyo ikikataa kukaa, msimlaumu fundi. Inaeleza hali ya nyumba ilivyo.

Nani agharamie? Kampuni ya umeme huishia kwenye mita. Baada ya hapo nyaya ni za mwenye nyumba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamtaka mwenye kupangisha makazi ahakikishe yanafaa kukaliwa na binadamu mkataba unapoanza na muda wote unapoendelea, hata kama karatasi waliyotia saini haikutaja neno hilo. Kwa hiyo lile jibu la "nilikupa hivyohivyo ukaridhika" halina nguvu. Kazi yenyewe ifanywe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, na mpangaji ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo.

Fiqhi yetu ya Kishafii haiko mbali na hapo. Katika ijara, mwenye nyumba huuza manfaa, na matengenezo yanayolinda manfaa hayo ni juu yake. Asipotengeneza, mpangaji ana khiyari ya kuvunja mkataba. Mpangaji naye ameshika amana. Akiunguza ukuta kwa kurundika ekstensheni tatu moja juu ya nyingine, uzembe huo ni wake. Katika nyumba za wakfu, mapato hutumika kwanza kuutengeneza wakfu wenyewe kabla ya kugawiwa wanaostahiki. Tabu kubwa tunaiona katika nyumba za mirathi zisizogawanywa: mrithi mmoja yuko Maskati, wa pili London, wa tatu Malindi. Kodi hugawanywa mpaka shilingi ya mwisho, lakini nyaya hazina mrithi.

Tunajua kinachowanyamazisha wapangaji ni hofu ya kuambiwa wahame. Ndiyo maana malalamiko yafaa yaandikwe, yawe na tarehe na picha, na yatolewe na wapangaji wote kwa pamoja, hasa katika zile nyumba za Majengo ambamo vyumba sita hutegemea mita moja. Mwenye nyumba akikosa fedha kwa mkupuo, yawezekana kukubaliana mpangaji agharamie kisha akatwe katika kodi, kwa maandishi na mashahidi wawili. Akipuuza kabisa, afisa wa afya ya umma wa kaunti ana mamlaka ya kukagua nyumba yenye kuhatarisha wakaazi wake.

Wakati mazungumzo yakiendelea, zimeni shawa ukutani kabla ya mtoto kuingia bafuni, na pasi ishikwe kwa mkono mkavu, viatu miguuni. Aliyenaswa na umeme asivutwe kwa mkono. Zimeni kwanza swichi kuu, au msukumeni kwa mti mkavu. Moto wa umeme usimwagiwe maji. Kila aliyemo nyumbani, pamoja na msaidizi wa kazi na watoto wakubwa, ajue swichi kuu ilipo na aweze kuifikia gizani. Katika nyumba nyingi tulizozijua iko nyuma ya mlango, penye misumari, na juu yake yametundikwa mabuibui matatu na mkoba.