Wimbo wa Pwani Unaoanzia Ifakara (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliishia Bombay, mwaka 1928, Siti binti Saad na wenzake walipoingiza sauti kwa kampuni ya His Master's Voice. Tuliona jinsi upande mmoja wa santuri, usiobeba zaidi ya dakika tatu hivi, ulivyozibana nyimbo zilizozoea kukesha na wasikilizaji wake Unguja.

Leo tupande bara. Utaniuliza, Ifakara na pwani wapi na wapi? Kinachoziunganisha ni maji. Mto Kilombero hukutana na Luwegu, na hapo ndipo jina la Rufiji huanza. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, yanayoishia kwenye mikoko ya delta mkabala na Mafia, hutoka katika bonde hili. Anayeutungia wimbo mlango wa Rufiji bila kuujua Kilombero ameianza hadithi katikati.

Watungaji wetu wengi huiimba mandhari kama picha ya kalenda: machweo, minazi, mawimbi, basi. Mimi naona mandhari huingia katika wimbo kupitia kazi. Mtazame mvuvi wa Kindamba masika, mbuga imefurika. Penye maji mafupi hapigi kafi, anatumia pondo: analizamisha, linagusa tope, analiegemea, mtumbwi unateleza, kisha analichomoa likichuruzika maji. Kati ya kuegemea na kuchomoa pana kimya kirefu, na humo kiitikio kinakaa vizuri kabisa. Akiingia mkondo mkuu anashika kafi, mapigo yanakaza, mistari nayo ifupike. Mtungaji amekwisha kupata miondoko miwili, kinanda hajakigusa.

Studio nyingi huanza na biti. Prodyuza anakuwekea mwendo, wewe unaufuata. Ningeshauri uanzie mtoni, na simu yako, alfajiri kabla upepo haujaamka. Mimi mara ya kwanza nilikwenda saa nane mchana, nikarudi na mngurumo mtupu. Vyura, maji, hata sauti ya mzee aliyekubali kuniimbia, vyote vimemezwa. Fundi mmoja alinicheka, kisha akanipa dawa: soksi nene, ivishwe upande wa maikrofoni. (Iwe safi, nasisitiza.) Studioni, sauti hizo zilazwe chini kabisa, zisikike kama harufu ya mpunga isikikavyo ukipita Ifakara msimu wa mavuno, ndipo mwimbaji aingie juu yake.

Na mzee aliyekuimbia atajwe kwenye kazi, apate na fungu lake. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inazitambua sanaa za jadi pia.

Tangu daraja la Kilombero lifunguliwe 2018, hakuna tena kusubiri pantoni ukisikiliza watu wakiimba ng'ambo. Daraja tulilihitaji, sibishi. Lakini kama wewe msomaji unaukumbuka wimbo wa kupiga pondo au wa kusubiri kivuko, utuandikie kabla ya Jumapili ijayo, utaje na kijiji ulikousikia.