Mto Tana na hadithi za mashujaa wa upanga na shoka

Hadithi za mashujaa wanaopigana kwa panga, kutoroka magerezani na kusaka hazina huhusishwa zaidi na bahari ya Karibi na makasri ya Ulaya. Hata hivyo, mojawapo ya riwaya mashuhuri za aina hiyo inapitia mto Tana, ambao maji yake hupita Garissa yakielekea Bahari Hindi.

Riwaya hiyo ni Allan Quatermain, iliyoandikwa na Mwingereza Henry Rider Haggard na kuchapishwa mwaka 1887. Wahusika wake wanafika Lamu, wanapanda mto kwa mitumbwi, wanashambuliwa usiku na Wamaasai, kisha wanafikia misheni ya Mskoti ambaye binti yake anatekwa nyara. Anayewapiku wote kwa ushujaa si Mzungu, bali ni Umslopogaas, Mzulu mwenye shoka, ambaye mwishowe anafariki baada ya kulinda ngazi ya kasri ili adui wasimfikie malkia.

Haggard alikuwa ameishi Afrika Kusini, lakini habari nyingi za eneo hili alizipata vitabuni, hasa katika kitabu cha msafiri Joseph Thomson kilichotoka mwaka 1885. Mwaka 1886, mmishonari aliyeitwa Houghton na mkewe waliuawa katika uvamizi huko Golbanti, kando ya Tana. Haggard aliyataja mauaji hayo katika tanbihi ya riwaya yake. Kwa msomaji wa London, mto huo ulikuwa jukwaa la msisimko. Kwa waliouishi, hofu ilikuwa ya kweli.

Shujaa wa Ozi

Wenyeji wa pwani hawakuwa wakimngojea Haggard awasimulie habari za mashujaa. Karibu na mdomo wa Tana, sehemu za Ozi na Kipini, masimulizi ya Fumo Liyongo yalikuwa yamerithishwa kwa vizazi kabla ya Muhammad Kijumwa wa Lamu kuyaandika kwa utenzi mwaka 1913.

Kisa chake kina kila kitu ambacho msomaji wa riwaya za upanga hukitafuta. Liyongo anafungwa na mfalme anayemwonea kijicho. Mama yake anampelekea tupa iliyofichwa ndani ya mkate, naye anakata minyororo huku ngoma na nyimbo zikifunika sauti ya chuma. Hatimaye anasalitiwa na mwanawe mwenyewe, anayemchoma sindano ya shaba kitovuni. Hata hivyo anakufa akiwa amepiga goti na kuvuta upinde, na watu wanaogopa kukaribia kisima kwa kudhani yungali hai.

Masimulizi ya Wasomali, kwa upande wao, yanamjua pia kinyume cha shujaa: Igal Shidad, mwoga ambaye visa vyake huchekesha wasikilizaji hadi leo.

Tafsiri, sinema na ngamia

Hadithi za kigeni ziliingia katika Kiswahili kupitia Frederick Johnson, aliyekuja kuwa katibu wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930. Tafsiri zake za Kisiwa Chenye Hazina, riwaya ya Robert Louis Stevenson, na Mashimo ya Mfalme Sulemani, ya Haggard, zilichapishwa mwaka 1929 na kusomwa shuleni kwa miaka mingi. Mwaka 1950 kisa hicho cha pili kilitolewa kwa sinema iliyopigwa Kenya na nchi jirani, Stewart Granger akiwa Quatermain. Ilishinda tuzo mbili za Oscar.

Kaskazini Mashariki, vitabu vilisafiri kwa njia nyingine. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba za Kitaifa ilianzisha maktaba ya ngamia mjini Garissa. Ngamia mmoja alibeba masanduku ya vitabu na mwingine hema, ili watoto wa wafugaji wasome chini ya mti mahali ambapo gari halifiki.

Basi la Mandera

Katika eneo lililopitia vita vya Shifta vya miaka ya 1960 na mashambulizi ya magaidi, silaha si mchezo wa kitabuni. Ndiyo maana inafaa kuuliza ni nini hasa humfanya mtu shujaa. Umslopogaas hakumbukwi kwa idadi ya aliowaua, bali kwa kukataa kuondoka pale ngazini.

Novemba 2014, magaidi walisimamisha basi Mandera, wakawatenga wasio Waislamu na kuua watu 28. Desemba 21, 2015, basi jingine lilishambuliwa karibu na El Wak. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengana na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Tukio hilo lilizaa filamu fupi Watu Wote, ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Mjerumani Katja Benrath na kuteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018. Haina upanga wala hazina, lakini ina kiini kile kile: mtu anayesimama kati ya muuaji na mwenzake wa safari.

Inabaki kazi kwa waandishi na wachapishaji wa Kenya. Mto Tana uliingia katika riwaya kwa kalamu ya mgeni, na basi la Mandera likaingia katika sinema kwa kamera ya mgeni. Mtoto wa Garissa anayefungua sanduku la vitabu anastahili kumkuta humo Liyongo, na mwalimu wa Mandera pia, wakisimuliwa na watu wa kwao.