Paneli za Jua Nyumbani: Gharama Yake Ipimwe kwa Mizani Gani?

Mgonjwa wa mapafu anaporuhusiwa kurudi nyumbani na mashine ya kuzalisha oksijeni, au mzazi anapokabidhiwa insulini ya mwanawe, swali linalofuata baada ya maelezo ya dozi huwa ni la umeme. Ukikatika usiku tutafanyaje? Je, tukope fedha tununue sola? Mhudumu wa afya hujikuta akiombwa ushauri wa fundi na wa mhasibu kwa pamoja. Makala haya yanakusudia kumsaidia yeye na mgonjwa wake, katika Jiji la Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, kulijibu swali hilo kwa hesabu.

Anzia kwenye risiti ya LUKU

Nyumba iliyokwisha kuungwa na TANESCO ianze kwa kutazama risiti. Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa matumizi madogo, yaani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa takriban shilingi 122 kwa uniti pamoja na kodi na tozo. Mteja wa kawaida hulipa takriban shilingi 356. Kujua uko kundi gani ni rahisi: gawanya fedha uliyolipa kwa uniti ulizopata. Shilingi 1,000 ikikupa uniti 8 na kitu, uko kundi la kwanza. Ikikupa chini ya 3, uko la pili.

Sasa tuchukue mfano. Familia ya kundi la kwanza inayotumia uniti 70 hulipa shilingi 8,540 kwa mwezi, sawa na 102,480 kwa mwaka. Ikiuziwa mtambo wa shilingi 1,500,000 unaobeba matumizi yake yote, jambo ambalo fundi mkweli hatalikubali kwa bei hiyo, itahitaji zaidi ya miaka 14 kurejesha fedha zake. Paneli nzuri hufika umri huo na kuupita. Betri za risasi na asidi hazifiki. Nyingi huchoka ndani ya miaka 3 hadi 5. Kwa familia hii, kununua sola ili kupunguza gharama ya umeme ni hasara.

Familia ya kundi la pili inayotumia uniti 120 hulipa takriban shilingi 512,640 kwa mwaka. Mtambo wa shilingi 5,000,000 ungerejesha gharama kwa karibu miaka 10, iwapo hakuna kitakachoharibika na iwapo fedha hazikukopwa kwa riba. Hapo uamuzi unawezekana, lakini haupendezi.

Ipo nyumba ya tatu, ambayo mara nyingi husahauliwa: ile inayouvuka kidogo mpaka wa uniti 75. Kwa uniti 85 katika kundi la pili, hulipa shilingi 30,260 kwa mwezi. Ikipunguza uniti 15 na kukubaliwa na shirika kurudishwa kundi la kwanza, italipa 8,540. Uniti 15 kwa mwezi ni nusu uniti kwa siku, kazi inayoweza kufanywa na paneli moja ya wati 200 yenye betri ndogo. Hata hivyo, kabla ya kununua paneli hiyo, badilisha balbu za zamani kwa za LED, na upunguze matumizi ya pasi na hita ya maji. Huenda mpaka ukarudi chini yake bila paneli yoyote.

Mlima wenye pande mbili

Matangazo ya sola huzungumza kana kwamba jua la Tanzania ni moja. Mkazi wa Meru anajua sivyo. Upande wa kusini na kusini-mashariki, kuanzia Ilboru hadi Tengeru, Nkoaranga na Usa River, hupokea mvua na mawingu mengi. Ndiyo maana migomba na kahawa hustawi. Oldonyo Sambu na Ngarenanyuki ziko upande mkavu, wenye jua jingi na vumbi jingi.

Kwa makadirio ya nyumbani, hesabu saa 4 za jua kamili kwa siku, kisha uondoe robo kwa ajili ya joto, vumbi na upotevu wa nyaya na betri. Kwa mteremko wa kusini, hesabu chini ya hapo katika masika ya Machi hadi Mei na katika baridi ya Juni na Julai, ambapo mlima unaweza kufunikwa siku nzima. Mtambo upimwe kwa mwezi wake mbaya. Kivuli nacho kina gharama: mparachichi unaofunika kona moja ya paneli waweza kupunguza umeme wa paneli nzima. Na kwa kuwa Arusha iko karibu na ikweta, paneli huelekezwa kaskazini kwa mwinamo mdogo tu, unaotosha mvua kuiosha vumbi.

Mahitaji ya mgonjwa, kifaa kwa kifaa

Hesabu ya risiti haipimi gharama ya saa moja ya giza kwa mtu anayetegemea kifaa. Hapa ndipo mhudumu wa afya ana neno la kusema ambalo fundi hana.

Mashine ya kawaida ya oksijeni ya lita 5 hutumia karibu wati 350. Ikiwashwa mchana na usiku, hiyo ni uniti 8.4 kwa siku. Kuiendesha kwa jua pekee kungehitaji paneli 8 za wati 350 na betri kubwa ya usiku, na bado wiki moja ya mawingu ya Julai ingeishinda. Hakuna mgonjwa wa oksijeni anayepaswa kutegemea sola peke yake. Lakini mwenye umeme wa TANESCO anaweza kununua betri na inveta bila paneli, betri ikachajiwa na umeme huohuo ukiwapo. Katizo la saa 5 linahitaji takriban uniti 1.75, betri ya lithiamu ya uniti 2.5 inalimudu. Inveta iwe ya mawimbi safi, kwa kuwa zile za bei nafuu zaweza kuharibu mota ya mashine. Mtungi wa oksijeni wa akiba ubaki nyumbani hata hivyo.

Tahadhari moja haina mjadala: umeme ukikatika, mshumaa au kibatari kisiwashwe karibu na oksijeni. Moto huwaka kwa kasi ya kutisha mahali penye oksijeni nyingi. Taa ndogo ya sola kando ya kitanda ni sehemu ya matibabu.

Nebulaiza hutumia umeme kidogo sana kwa siku, kwa kuwa hufanya kazi dakika chache. Mashine ya kusaidia kupumua usingizini, bila kipashio cha maji, hutumia takriban nusu uniti kwa usiku. Vifaa hivi viwili vinabebwa na mtambo mdogo.

Insulini isiyofunguliwa huhifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 na isigande kamwe. Chupa inayotumika, kwa aina nyingi, huvumilia joto la kawaida la chumba kwa takriban wiki 4. Soma karatasi iliyomo ndani ya boksi. Katika hali ya hewa ya Arusha, chungu ndani ya chungu, chenye mchanga uliolowa katikati, huweza kuiweka chupa hiyo mahali pa ubaridi. Friji ya sola kwa ajili ya chupa moja si lazima. Akiba ya miezi kadhaa yaweza kuachwa kwenye friji ya kituo cha afya, mgonjwa akachukua kidogo kidogo.

Nyumba ambayo nguzo haijaifikia

Juu mlimani au nyikani, mizani hubadilika, kwa maana sola hapo inashindana na mafuta ya taa. Moshi wa kibatari huumiza mapafu, moto wake huunguza, na mafuta yenyewe hunywewa na watoto wakidhani ni maji. (Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja.) Taa ndogo ya sola yenye sehemu ya kuchajia simu hurejesha gharama yake haraka, na nyumba yenye mjamzito hupata mwanga na simu usiku wa uchungu.

Biashara hii ina historia Arusha. Mwanzoni mwa muongo wa 2010, kampuni za Off Grid Electric na Mobisol zilifanya mji huu kituo cha kuuza sola kwa malipo ya awamu kupitia simu. Mfumo huo umezifikishia familia nyingi mwanga. Lakini kabla ya kukubali, zidisha malipo ya awamu kwa idadi yake, ujue jumla, kisha uulize kama umeme wa vijijini, ambao ada yake ya kuungwa imekuwa shilingi 27,000, uko njiani kufika.

Tena, taa ya sola haiondoi moshi wa jikoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilichangia vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Nyumba yenye mtoto anayekohoa na fedha ya kitu kimoja tu, jiko safi huenda likatangulia paneli kubwa.

Betri iliyochoka

Betri ya risasi iliyokufa isivunjwe uani wala kuachiwa watoto. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwasababishia wakazi madhara ya risasi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mwulize muuzaji, siku ya kununua, kama ataichukua betri ikichoka.

Basi, mgonjwa akiuliza kama sola inalipa, mhudumu amrudishie maswali matatu: Uniti moja unailipia kiasi gani? Kifaa gani hakiruhusiwi kuzima, na kwa saa ngapi? Mwezi wa mawingu utakuwaje? Mwenye majibu hayo atajua kama ahitaji taa, betri, paneli moja au mtambo mzima. Aliye na risiti ndogo na asiye na kifaa cha kumlinda, aache fedha yake ikae. Dawa na chakula bado vinaihitaji.