Je, Wajua? Nyuki wa Kibondo Kapewa Sifa ya Mti

Nyuki anayejaza mizinga ya magome na magogo kwenye miyombo ya Kibondo na Kasulu ana jina la kisayansi alilopewa Ulaya mwaka 1758: Apis mellifera. Aliyempa ni Carl Linnaeus, msomi wa Uswidi. Mellifera ni kivumishi cha Kilatini, yaani mbeba asali. Mwaka 1761 Linnaeus mwenyewe alijaribu kulirekebisha, akaandika mellifica, mtengeneza asali. Alikuwa sahihi, ila alichelewa. Kanuni za majina ya wanyama hulipa nguvu jina lililotangulia kuchapishwa, kwa hiyo kosa likabaki hadi leo.

Ni kosa kwa sababu nyuki hatoki na asali porini. Anachonyonya kwenye ua ni mbochi, majimaji matamu ambayo kwa kawaida zaidi ya nusu yake ni maji. Huiweka katika mfuko maalumu tumboni, tofauti na tumbo lake la chakula, na humo huanza kuichanganya na vimeng'enya. Akifika mzingani huitema, nyuki wenzake wakaipokea mdomo kwa mdomo, wakairudiarudia. Kimeng'enya kimoja huivunja sukari ya mbochi kuwa sukari mbili nyepesi. Kingine huzalisha asidi na kemikali inayozuia bakteria. Kisha hutandazwa kwenye masega, na vibarua hupepea kwa mabawa mpaka maji yashuke chini ya asilimia 20 hivi. Hapo sega huzibwa kwa nta. Mrina asali mzoefu hukata masega yaliyozibwa na kuyaacha mabichi, kwani asali yenye maji mengi huchacha.

Waingereza nao walikichukua kivumishi kile, wakakifanya "melliferous". Ni neno adimu hata kwao. Hulikuti sokoni wala kwenye habari za redio. Wanalo wataalamu wa mimea na wafuga nyuki, na mara nyingi huuvisha mmea badala ya mdudu. Mti ulio "melliferous" ni ule unaowapa nyuki mbochi ya kutengenezea asali. Lina ndugu maarufu zaidi, "mellifluous", linalosifu sauti au maneno matamu. Ukiyachanganya ukamwita mtangazaji "melliferous", umesema anatoa mbochi.

Kwa maoni yangu, sifa hiyo ingeufaa zaidi mtundu, mmoja wa miyombo ya nyanda hizi, ambao huchanua kabla mvua hazijaanza, wakati vitu vingi bado vikavu. Nyuki ni fundi. Malighafi iko mtini. Ndiyo maana mkaa, mashamba mapya na kuni za kambi kubwa za wakimbizi, Nyarugusu kule Kasulu na Nduta kule Kibondo, ni habari ya asali pia, ingawa mizinga haijaguswa.

Nyuki huyu alibandikwa sifa nyingine, mbaya zaidi. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazili, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika, wakiwemo wa Tabora, jirani zetu, akitaka kuzalisha nyuki wanaostahimili joto. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka. Vizazi vyao vilivyochanganyika na nyuki wa Ulaya vilienea hadi vikafika Texas, Marekani, mwaka 1990, na magazeti ya huko yaliwaita nyuki wauaji.

Ni uonevu. Sumu ya mmoja wao haizidi ile ya nyuki wa Ulaya. Tofauti ni kwamba hawa hutoka haraka, hutoka wengi, na humfukuza mtu mbali. Kwao Afrika kuna nyegere, moto wa porini na warina asali wa tangu enzi, na kundi pole halikudumu.

Nyuki anapochoma huacha mwiba pamoja na kemikali inayowaita wenzake. Kemikali hiyo imo pia katika harufu ya ndizi mbivu. Kasulu migomba ni mingi, kwa hiyo harufu hiyo peke yake isikutishe. Lakini ukiisikia porini, chini ya mzinga, na hakuna mgomba karibu, usipunge mikono wala usisubiri: ondoka.