Mtoto akiungua, anza na maji; dawa ya meno iache bafuni

Swali la kwanza la wazazi wengi mtoto anapoungua ni "nimpake nini?" Jibu ni usimpake chochote. Mmwagie maji.

Jibu hilo huwaacha watu bila kuridhika, kwa sababu kumwaga maji hakuonekani kama kutibu. Mtoto akimwagikiwa na uji, iwe Kihonda au Mji Mpya, majirani hufika kabla ya bodaboda, na kila mmoja ana dawa yake: dawa ya meno, ute wa yai, unga wa ngano, majivu, samli, hata mafuta ya taa. Wanatoa kwa upendo. Lakini chai ikishamwagika chini, joto lake halijaondoka kwenye ngozi. Linaendelea kushuka chini na kuunguza tabaka ambazo mwanzoni zilikuwa salama. Ukipaka samli au dawa ya meno unalifungia humo ndani. Yai bichi na majivu vinapeleka vimelea kwenye kidonda kibichi. Halafu mkifika hospitali, muuguzi analazimika kuvisugua vyote ili aone kidonda kilivyo, na mtoto anaumia mara ya pili.

Maji yawe safi, ya baridi ya kawaida kama yanavyotoka bombani, na yatiririke juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Angalia saa, maana dakika 20 mtoto akiwa analia ni ndefu na wengi huacha baada ya mbili. Barafu usiweke; inabana mishipa ya damu na kuongeza madhara. Kama ajali imetokea muda umepita, bado mmwagie, kwa sababu maji yanasaidia hadi saa tatu tangu kuungua.

Na siku bomba halitoi, kama mitaa mingi inavyojua? Ndoo moja inatosha. Mkalishe mtoto juu ya beseni, mimina kwa kikombe polepole, na ndoo ikiisha chota yaliyo kwenye beseni uendelee. Sehemu isiyoungua ifunike kwa kanga kavu, hasa kwa mtoto mchanga, kwa sababu watoto hupoa mwili haraka.

Wakati maji yanamwagwa, mtu mwingine avue nguo zilizolowa. Nepi isisahaulike, inanyonya chai ya moto na kuishikilia kwenye ngozi. Toa pia bangili, cheni, shanga au uzi wa kiunoni kabla mwili haujavimba. Nguo iliyogandana na ngozi usiivute, ikate pembeni uiache. Malengelenge usiyapasue. Baada ya hapo funika kwa kitambaa safi kilichofuliwa, bila kukaza, mpe parasetamo kwa kipimo cha uzito wake, kisha nendeni.

Nani aende? Mtoto yeyote mchanga. Mtoto mwenye kidonda kinachozidi ukubwa wa kiganja chake mwenyewe, vidole vikihesabiwa. Aliyeungua uso, mikono, nyayo, sehemu za siri au kwenye kiungo. Aliyeunguzwa na umeme au kemikali, hata kama alama ni ndogo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo usiungoje. Angalia malengelenge, uvimbe na maumivu. Na jihadhari na sehemu iliyogeuka nyeupe au nyeusi ambayo mtoto haumii ukiigusa. Wazazi hupata nafuu wakiona haimuumi, kumbe moto umefika hadi kwenye mishipa ya fahamu.

Kiganja cha mtoto ni takriban asilimia 1 ya mwili wake. Akiungua asilimia 10 anahitaji dripu, na kifua na tumbo kwa mbele peke yake vinaweza kufika huko. Ngozi iliyoungua haizuii maji. Yanavuja kutoka kwenye damu saa baada ya saa, na mtoto aliyekuwa akilia sana huanza kutulia. Utulivu huo si wa kufurahia. Mkojo ukipungua, mikono na miguu ikiwa ya baridi, yuko hatarini.

Wakazi wa Morogoro waliona jambo hili kwa ukubwa wa kutisha. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka. Majeruhi walipelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, wengine Muhimbili. Waliofariki papo hapo walikuwa wengi, lakini idadi iliendelea kupanda kwa siku na wiki zilizofuata hadi ikapita 100. Wengi waliuliza inakuwaje mtu afike hospitali akiwa hai kisha afe baadaye. Kwanza mwili unapoteza maji, halafu vimelea vinaingia mahali ambapo ngozi ilikuwa inavizuia. Aliyevuta hewa ya moto anaweza kufika akiongea, kisha koo likavimba likaziba. Sauti ikikwaruza au kukiwa na masizi puani, msisubiri hata kama ngozi inaonekana nzima.

Petroli bado ipo mitaani mwetu, kwenye chupa za kuuzia bodaboda. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kwa chini hadi kwenye jiko lililo mbali na chupa. Isilale ndani ya nyumba wanamolala watoto.

Hatari nyingine za nyumbani mnazijua: jiko la mkaa lililo chini sakafuni, chupa ya chai ukingoni mwa meza. Kwenye ndoo ya kuogea, tangulizeni maji ya baridi ndipo ya moto. Ukifanya kinyume, kuna dakika moja ambayo ndoo ina maji ya moto matupu na mtoto amesimama pembeni yake.

Jingine linaugusa mkoa huu moja kwa moja. Mahenge, wilayani Ulanga, imejulikana tangu miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall alipokuwa akitibu huko, kuwa na wagonjwa wengi wa kifafa. Wengi wao huungua kwa kuangukia motoni, na wengine huachwa humo sekunde za ziada kwa sababu watu wanaogopa povu la mgonjwa. Kifafa hakiambukizi kwa povu wala kwa kumgusa. Mtoe motoni mara moja, mwagia maji. Na anayekunywa dawa za kifafa asizikatize. Jiko lake liinuliwe, apike akiwa na mtu.

Mkifika hospitali, ulizeni kuhusu chanjo ya pepopunda. Kabla ya kuruhusiwa, ulizeni pia mazoezi ya kunyoosha kiungo kilichoungua. Kovu hujikunja kwa miezi mingi baada ya kidonda kufunga, na vidole vya mtoto vilivyoachwa bila kunyooshwa vinaweza kushikana hadi vihitaji upasuaji ili vifunguke.